Chupa za matunda za 'kusafisha ini': zinamfaa nini mnywaji pombe?

Nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa Mombasa miaka mingi, na nimejua kwamba mtu mwenye swali la pombe haulizi kwa sauti. Husubiri wateja wengine watoke. Kisha huinama kidogo, husema "kuna jamaa yangu mmoja", na baada ya maneno mawili matatu wajua jamaa huyo ni yeye mwenyewe, au ni mumewe, au mwanawe. Siku hizi swali limekuwa lilelile: ile dawa ya matunda ya kusafisha ini, mnayo?

Dawa hiyo huja kwa sura nyingi. Kuna chupa ya maji mazito ya rangi ya damu yenye picha ya komamanga. Kuna vidonge vya unga wa ubuyu. Kuna makopo ya amla kutoka India, na vifuko vya unga usiojulikana umetoka wapi, vinavyouzwa kwa simu na kuletwa na bodaboda. Nimeona chupa ya nusu lita ikiuzwa shilingi 2,500, na muuzaji akimwambia mnunuzi anywe vijiko viwili kabla ya kwenda kunywa, "ini halitaguswa." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Ndani yake mna ukweli kidogo, na huo ukweli kidogo ndio unaouza chupa.

Pombe ikifika kwenye ini

Ini la mtu mzima lina uzito wa kama kilo moja na nusu, nalo limekaa upande wa kulia chini ya mbavu. Sehemu kubwa ya pombe mtu anayokunywa huvunjwa hapo. Haijalishi kama ni bia, wiski, chang'aa au mnazi. Wapo wanaoniambia mnazi hauna madhara kwa kuwa hauna kemikali, umetoka mtini moja kwa moja. Mnazi ukigemwa asubuhi ni mtamu kweli, lakini ukikaa mpaka jioni huwa mkali, na ukali huo ni alkoholi ileile iliyo kwenye bia, tena kwa kiwango kinachokaribiana. Ini halijui mnazi wala wiski.

Ini huigeuza alkoholi kwanza kuwa kitu kiitwacho asetaldehidi, ambacho ni sumu kuliko alkoholi yenyewe, kisha hukigeuza hicho kuwa asetati, ambayo mwili huimaliza bila taabu. Kwa anayekunywa kila siku, ini hulazimika kutumia zaidi njia ya pili ya kuivunja alkoholi, na njia hii ya pili hutoa cheche: chembe za oksijeni zisizotulia, zinazounguza mafuta, protini na hata vinasaba vya seli zilizo karibu. Jiko moja la mkaa uani halimtishi mtu. Washa majiko kumi chini ya paa la makuti, kila siku, uone.

Mwili una wazima moto wake, na mkubwa wao ni glutathioni, inayotengenezwa na ini lenyewe. Pombe nyingi huongeza cheche na wakati huohuo huipunguza glutathioni. Hapo ndipo linapoingia neno wanalolipenda wauzaji, antioksidanti, yaani kitu kinachozizima cheche hizo. Vitamini C ni mojawapo. Vitamini E vilevile. Zimo pia kwenye wekundu wa komamanga, kwenye weusi wa zambarau na ule ukakasi wake unaofunga ulimi.

Mpaka hapa muuzaji hajasema uongo.

Panya, nyani, na watu

Ushahidi anaoutaja muuzaji ni wa panya. Kwa miaka mingi maabara za India, Misri, Saudi Arabia na kwingineko zimekuwa zikiwapa panya maji ya matunda yaliyokamuliwa, kisha kuwapa pombe au sumu nyingine, kisha kuyapima maini yao. Mara nyingi matokeo huwa mazuri. Watafiti wa Saudi Arabia waliwapa panya maji ya ubuyu pamoja na kaboni tetrakloridi, sumu inayojulikana kwa kuharibu ini, na maini ya waliopewa ubuyu yakaumia kidogo zaidi. Amla nayo imejaribiwa kwa panya waliopewa alkoholi, ikapunguza madhara. Komamanga na zabibu zina hadithi kama hiyo.

Lakini tazama jaribio lenyewe linavyofanywa. Panya ni mchanga na mzima. Hupewa dozi kubwa ukilinganisha na uzito wake, kila siku bila kukosa, mara nyingi kabla ya sumu au pamoja nayo. Baada ya wiki kadhaa huchinjwa, ini likatazamwa. Hana virusi vya homa ya ini, hanywi dawa za presha, hana kisukari. Mtu anayenijia dukani amekunywa miaka kumi na mitano, na macho yake tayari yamebadilika rangi. Tena panya huivunja alkoholi haraka kuliko sisi, na ni vigumu sana kumfanya apate kovu la ini kwa pombe peke yake. Mnyama asiyeugua ugonjwa wenyewe hawezi kutuambia mengi kuhusu tiba yake.

Kisa kinachonifundisha zaidi ni cha Charles Lieber, daktari mzaliwa wa Ubelgiji aliyefanya kazi New York. Zamani madaktari wengi waliamini kwamba walevi huugua ini kwa sababu hawali vizuri. Lieber alikataa. Kwa kuwa panya hawakumtosha, aliwatumia nyani: akawalisha chakula kamili, akawapa na alkoholi, na baadhi yao wakapata kovu la ini. Hiyo ilikuwa miaka ya 1970, na tangu hapo mtu hawezi tena kujitetea kwamba yeye anakula nyama na samaki kila siku kwa hivyo pombe haimdhuru.

Baadaye Lieber alipata kitu kilichotolewa kwenye soya ambacho kiliwakinga nyani hao na kovu. Si tunda, lakini hoja ni ileile: kitu cha mmea, kinachotuliza cheche, kilichofaulu kwa mnyama. Na safari hii mnyama alikuwa nyani, si panya. Akakipeleka kwa watu. Wagonjwa 789, wanajeshi wastaafu wa Marekani, baadhi wakapewa dawa hiyo na wengine dawa bandia, kwa miaka miwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Kwenye kovu la ini hakukuwa na tofauti kati ya waliopewa dawa na wasiopewa.

Kuna jambo jingine kwenye utafiti huo, na ndilo ninalowaambia wateja wangu. Watu hao walianza wakinywa wastani wa vinywaji 16 kwa siku. Wakati wa utafiti walikuwa wakizungumza na wauguzi na madaktari mara kwa mara kuhusu unywaji wao, nao wakashuka hadi kama viwili na nusu. Wote, wa dawa na wa dawa bandia. Mazungumzo yaliwapunguzia pombe kiasi ambacho hata watafiti hawakukitarajia.

Kwa waliokwisha kuwa mahututi, antioksidanti zimejaribiwa pia. Uingereza waliwalinganisha wagonjwa 101 wenye ini lililovimba vibaya kwa pombe: wengine walipewa steroidi, wengine mchanganyiko wa antioksidanti nyingi. Matokeo ya mwaka 2006 yalionyesha kwamba waliopewa antioksidanti walikufa wengi zaidi ndani ya mwezi mmoja. Ufaransa, mwaka 2011, waliongeza asetilisisteini, dawa inayousaidia mwili kutengeneza glutathioni, juu ya steroidi. Vifo vya mwezi wa kwanza vilipungua, lakini kufikia miezi sita tofauti haikuwa ya kutegemewa tena. Hiyo ni dawa ya kutiwa mshipani wodini, chini ya macho ya daktari. Siyo vijiko viwili vya komamanga.

Nisije nikaonekana mkaidi, lipo jaribio la watu lililomfaa mnywaji. Mwaka 2004 watafiti wa New Orleans waliwapa watu wazima wenye afya dondoo la tunda la dungusi kakati, ule mmea wa miiba, saa tano kabla ya kunywa. Asubuhi yake kichefuchefu na ukavu wa kinywa vilipungua, na waliopata uchovu mkali wa pombe walikuwa wachache zaidi. Lakini kiwango cha alkoholi kwenye damu kilikuwa kilekile. Mimi hilo linanitisha kuliko kunifurahisha. Kwa watu wengi breki iliyobaki ni ile taabu ya asubuhi. Ukiiondoa, ini bado linabeba mzigo uleule na mwenyewe hana tena kinachomwambia atulie.

Dondoo si tunda

Watu wa Pwani tumekula ubuyu, ukwaju na zambarau tangu utotoni, kwa hivyo tunadhani chochote chenye jina la tunda hakiwezi kudhuru. Tunda lenyewe, kula. Sina ugomvi na ubuyu, ingawa ule uliopakwa sukari na rangi nyekundu mimi nauita peremende. Dondoo ni kitu kingine: ni tunda lililokamuliwa, likakaushwa na kukolezwa, mpaka kidonge kimoja kinabeba kiasi ambacho mtu asingeweza kukila kwa mkono.

Garsinia ni mfano mzuri. Ni tunda chachu la huko India na Asia, linalotiwa kwenye mchuzi kama sisi tunavyotia ukwaju. Kwenye mchuzi halina neno. Lilipofanywa vidonge vya kupunguza uzito, madaktari wa nchi mbalimbali walianza kupokea watu ambao maini yao yameharibika, na wengine wakahitaji kubadilishiwa ini. Chai ya kijani vivyo hivyo: kikombe hakina shida, ila vidonge vya dondoo lake vimeshawaumiza watu maini. Fikiria mtu ananunua kidonge ili kuliokoa ini, na kidonge ndicho kinacholimaliza.

Finland walitoa vidonge vya betakarotini, ile rangi ya karoti na maembe, kwa wanaume wavutaji sigara. Mwaka 1994 walitangaza kwamba waliopewa walipata saratani ya mapafu zaidi, si pungufu. Vitamini A kwa wingi pamoja na pombe huliumiza ini pia, na chupa nyingi ninazoletewa zina vitamini A iliyoongezwa. Soma maandishi madogo.

Wenye presha nao wajihadhari na balungi. Maji yake huzuia kimeng'enya kinachovunja baadhi ya dawa, zikiwemo baadhi za presha na za kupunguza mafuta mwilini, na dawa hujaa kwenye damu kupita kiasi. Na juisi zote hizi, tukizijaza sukari kama tunavyopenda, hulijaza ini mafuta hata kwa mtu ambaye hajaonja pombe maishani mwake.

Kinacholifaa ini

Ugonjwa wa ini wa pombe huja kwa hatua. Kwanza ini hujaa mafuta, jambo linalowapata karibu wote wanaokunywa sana, na halina maumivu. Hatua hii hurudi nyuma: mtu akiacha kabisa, mafuta huanza kuondoka ndani ya wiki chache. Halafu ini huvimba. Mwisho huota kovu, sirosisi, nalo halifutiki, ingawa hata hapo anayeacha huishi muda mrefu kuliko asiyeacha. Wanawake hufika huko kwa pombe kidogo kuliko wanaume.

Hizi wiki chache Waislamu tunazijua. Wapo wanaokunywa miezi kumi na moja na kuacha Ramadhani, nao huniambia siku ya ishirini hivi kwamba wanajisikia wepesi, usingizi umerudi, chakula kinapanda. Ni ini linapumua. Wangeendelea baada ya Idi wangeokoa mengi kuliko chupa zote ninazoziona.

Ila kuna hatari moja ambayo watu hawaisemi. Anayekunywa sana kila siku akikata ghafla, kama wengi wanavyofanya mwezi unapoandama, anaweza kuanza kutetemeka siku ya pili au ya tatu, kutokwa na jasho, kuona vitu visivyokuwepo, hata kupata kifafa. Nyumbani husemwa amepandwa na shetani, na hupelekwa kusomewa. Kusomewa hakuna ubaya, lakini apitie hospitali kwanza, kwa sababu hali hiyo huua na ina dawa. Huko hupewa pia vitamini B1, ambayo walevi huikosa na ubongo wao huumia kwa kuikosa.

Panadoli ni jambo jingine. Glutathioni niliyoitaja ndiyo pia inayoilinda ini na parasetamoli. Kwa mtu mzima mwenye afya kikomo ni gramu nne kwa siku, vidonge vinane vya kawaida. Anayekunywa sana akiba yake ya glutathioni ni ndogo, na madaktari wengi humwekea kikomo cha gramu mbili. Anayemeza panadoli sita kila asubuhi kutuliza kichwa cha pombe analipiga ini mara mbili.

Homa ya ini aina ya B ina chanjo. Watoto wa Kenya huchanjwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini sisi tuliozaliwa kabla ya hapo wengi hatukuchanjwa. Virusi na pombe vikikutana kwenye ini moja huharakishana. Kipimo ni tone la damu.

Na usimfiche daktari. Nalisema hili kwa jamii yangu hasa. Kwetu pombe ni haramu na ni aibu, na anayekunywa hunywa kwa siri. Hukumu ya dini ni hiyo na mimi siigusi. Lakini daktari akiuliza "wanywa?" na mtu akajibu "la, la", daktari ataenda kutafuta malaria, ataenda kutafuta vijiwe vya nyongo, na wiki zitapita. Pia mwambie kila chupa na kila mzizi unaoutumia. Asiyeweza kuanza na daktari uso kwa uso, NACADA wana nambari ya simu ya bure, 1192.

Mwaka jana alinijia mama mmoja wa Kisauni, mtu mzima, wa kumwamkia shikamoo. Alikuwa amenunua chupa tatu za komamanga kwa ajili ya "jamaa." Nilipomuuliza jamaa ana rangi gani ya macho, alikaa kimya, kisha akasema, "Manjano, mwanangu. Na tumbo limejaa kama la mja mzito." Nikamwambia ampeleke hospitali siku hiyohiyo, asingoje kesho. Walikwenda. Kijana alimwambia daktari ni malaria iliyokaa mwilini. Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaingia na kusema, "Daktari, mwanangu anakunywa. Miaka kumi na miwili sasa."

Alilazwa wiki tatu, wakamtoa maji tumboni. Mpaka ninapoandika hajagusa pombe kwa miezi kumi na mmoja. Kovu lipo, haruhusiwi chumvi nyingi, na kila mara huja kuchukua dawa zake za kukojoza maji. Chupa mbili zilishatumika. Ya tatu mama aliniletea, haijafunguliwa, akiniuliza kama anaweza kurudishiwa pesa zake. Tukaipiga ile nambari iliyoandikwa kwenye karatasi ya chupa. Haipatikani.